Maneno Mawili ya Chiriku

Mtoto wa kinyozi alipotimiza mwaka mmoja na nusu alikuwa na maneno kumi na tisa. Mama yake aliyaandika yote kwa penseli nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akaitundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, kila neno na tarehe yake. Maji yalikuja kama "mai." Kiatu kilikuja kama "tatu," viwe vitatu au kimoja. "Paka" lilikuja sawasawa, tena kabla ya "baba," na kwa hilo kinyozi alitaniwa mwezi mzima. "Nyumbani kwako anayejulikana ni paka," wateja walimwambia, "wewe ni mpangaji tu." Kulikuwa na "taa," kulikuwa na "toka," kulikuwa na "pana" ya kukataa, ambayo mtoto aliisema huku akitikisa kichwa mpaka anapepesuka. Kwa kuwa alikuwa hanyamazi tangu anapofumbua macho, wateja walimbandika jina la Chiriku. Jina likamganda, na mama yake naye akawa Mama Chiriku kwa mtaa mzima.

Mama Chiriku alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Alitoka asubuhi na mapema na kurudi jua likiwa limeshakwisha ukali. Mtoto alikuwa anaachwa kwa mama mmoja jirani, lakini jirani huyo akahama. Hapo ndipo Dada alipoingia.

Dada alikuwa dada mkubwa wa kinyozi, baba mmoja mama mmoja, aliyempita kwa miaka kumi na mitano. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea kinyozi. Sasa alikuwa mjane, mwanamke mrefu, mnyoofu, nguo zake daima zimepigwa pasi, kucha fupi, anayenukia sabuni hata mchana wa joto. Nyumba yake ilikuwa mitaa miwili kutoka kwenye kibanda cha kinyozi, na humo alilea watoto wa majirani walioenda kazini. Sifa yake ilikuwa moja: watoto wa kwa Dada hawalii. Ungepita nje asubuhi, ungepita adhuhuri, kimya. Watu walisema ana mkono wa kulea. Kinyozi alivimba kichwa kila alipoyasikia hayo.

"Mlete," Dada alisema. "Damu yangu ikalelewe na nani kama si mimi?"

Akapelekwa.

Maneno hayakupotea kwa siku moja. Kwanza halikuongezeka jipya, na Mama Chiriku akasema labda mtoto anapumzika. Kisha "taa" likaacha kusikika. Kisha "tatu." Mtoto alikuwa akichukuliwa jioni yuko mzito begani, macho nusu, udenda kifuani, na akifika nyumbani alikaa pale alipowekwa. Paka alipita mbele yake, naye akamtazama tu mpaka mkia ukatokomea nje ya mlango. Siku moja Mama Chiriku aliitoa kalenda mlangoni, akakaa nayo kitandani, akaanza kutaja neno moja baada ya jingine, na kwa kila neno akimtazama mtoto usoni. Alipomaliza alikuwa na maneno matatu yaliyobaki.

"Wewe unasikiaje?" alimuuliza mumewe. "Mimi nasikia matatu."

Kinyozi alisikia mawili.

*

Chiriku alipotimiza miaka miwili ilikuwa zamu ya baba kumpeleka kliniki, maana mama hakupata ruhusa kazini. Nesi wa kliniki ile alikuwa mwanamke mfupi wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alimpima mtoto uzito na urefu, akajaza kadi, halafu hakuirudisha. Akavuta kiti chake karibu.

"Anaunganisha maneno mawili, baba? Kama 'mama njoo,' 'nataka maji'?"

"Bado, Sista."

"Kwa umri huu tunategemea aunganishe. Na maneno kwa jumla, hamsini hivi, hata kama hayajanyooka. Huyu anayo mangapi?"

Kinyozi akaona haya kama mwanafunzi. "Alikuwa nayo kumi na tisa. Sasa kama mawili."

Kalamu ya nesi ikasimama. "Alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

"Sikiliza, baba. Mtoto kuchelewa, tunamwangalia, tunawafundisha wazazi kumzungumzisha, tunampa muda. Wengine huchelewa na wakaja kutuchosha kwa maswali. Lakini mtoto kupoteza maneno aliyokuwa nayo, hilo hatulipi muda. Hilo tunatafuta sababu yake."

Akadondosha kijiko nyuma ya mtoto. Chiriku akageuka, lakini taratibu, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha tatu. Nesi akamwonyesha picha ya paka, akamwambia aguse. Mtoto akaitazama ile picha, kichwa kikaanza kumwinamia kifuani.

"Ana usingizi sana. Usiku analala?"

"Analala. Hata asubuhi ukimwamsha ni kazi."

"Mchana anashinda na nani?"

"Kwa dada yangu."

"Anamlisha nini? Kuna dawa yoyote anayopewa?"

Kinyozi akahisi shingo inamwaka moto. "Sista, nimekwambia ni dada yangu. Mimi mwenyewe kanilea yeye."

Nesi akamtazama juu ya miwani, asibishane. Akaandika barua ya kwenda kupima masikio, akaikunja mara mbili. "Mpeleke wiki hii. Na siku moja pita huko kwa dada yako saa ambayo hukutarajiwa. Mimi huwaambia wazazi wote hivyo, usione vibaya."

Aliona vibaya sana. Njia nzima alimtukana nesi moyoni.

Masikio yalipimwa, yakakutwa mazima. Basi ukoo ukakaa, maana mtoto wa kinyozi kutosema lilikuwa limeshakuwa jambo la ukoo. Walikusanyika sebuleni kwa Kaka, kaka yao mkubwa, karani mstaafu aliyezungumza kama anayesoma barua ya serikali.

"Watoto wa ukoo wetu huchelewa," Dada alisema, akiwa ameketi wima, mikono magotini. "Huyu baba yake alisema akiwa na miaka mitatu kamili. Nilikuwepo. Nani anayemjua kuliko mimi?"

"Lakini huyu alikuwa anasema, wifi," Mama Chiriku alijibu.

"Alikuwa anabwabwaja. Mama ukiwa huko unanyoosha mashuka ya watu kutwa nzima, kila mlio wa mtoto utauona neno."

Kaka akakohoa, akasema kweli mtoto anamhitaji mama. Kinyozi alimwona mkewe akiinamisha uso na kuanza kukunja ncha ya nguo yake, kuikunja na kuikunjua. Kinyozi mwenyewe alikuwa ameyasikia yale maneno kumi na tisa, naye hakumtetea mkewe. 

*

Ilikuwa Jumapili mchana. Wote watatu walikuwa nyumbani. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kizingiti akinoa mkasi, mkewe anakunja nguo, na Chiriku yuko sakafuni na mdoli wake wa kitambaa. Kwa kuwa hakuwa amekwenda kwa shangazi yake tangu Ijumaa jioni, siku ile alikuwa mchangamfu. Alikuwa ameokota kijiko.

Akamlaza mdoli mapajani. Akakibana kipua cha mdoli kwa vidole viwili, akakivuta kichwa nyuma, akakikandamiza kijiko mdomoni. Akakitoa, akaukwangua uso wa mdoli kwa ukingo wa kijiko, kutoka kidevuni kwenda juu, akakirudisha mdomoni tena. Kisha akasema, wazi, herufi zote mahali pake, kwa sauti nzito isiyokuwa yake:

"Meza, mbwa."

Mama Chiriku aliruka. Shati likamponyoka. "Umesikia? Baba Chiriku, umesikia? Mawili! Kaunganisha maw..."

Hakumaliza. Furaha ilikuwa bado imemkaa usoni, imegandama, wakati macho yameshaelewa. Mtoto akayarudia, akimtikisa mdoli kidogo: "Meza, mbwa."

Kinyozi aliujua mkunjo ule wa sauti. Aliijua ile "meza" inayoanzia puani na ile "mbwa" inayotupwa chini kama maganda.  Kwa miezi mingi walikuwa wameomba wasikie maneno mawili yaliyofuatana. Walikuwa wamemwinamia mtoto huyu wakimwimbia mama njoo, baba njoo, paka huyo, mpaka makoo yakakauka. Sasa maneno mawili yalikuwa yamekuja, na yalinuka.

"Nani anasema hivyo, mama?" Mama Chiriku aliuliza, amepiga magoti, sauti laini kupita kiasi. "Nani anasema meza?"

Mtoto akamtazama. Akainua mkono, akajibana pua yake mwenyewe.

Kalenda ilikuwa pale pale nyuma ya mlango, na penseli yake imening'inia kwa uzi. Hakuna aliyeigusa.

*

Jumatatu Mama Chiriku hakwenda kazini. Alikaa na mwanawe, akasema akifukuzwa na afukuzwe. Kinyozi alifungua kibanda kama kawaida, lakini akili hazikuwa kichwani. Saa nne za asubuhi alikuwa amemnyoa mwalimu mmoja nusu ya kichwa, upande wa kulia tu, alipoizima mashine.

"Mwalimu, niwie radhi. Narudi."

"Unarudi? Nami niende wapi na nusu hii?"

"Kaa hapo hapo," alisema, akatoka na kitambaa cha kunyolea bado begani.

Mtu aliyemfahamu kinyozi asingesema ni mwepesi wa kinyaa. Kila siku alishika vichwa vyenye mapunye, mba unaotoka kwa mapande, majipu yaliyoiva nyuma ya shingo. Alikuwa akila mkate kwa mkono mmoja na kufagia nywele za watu kwa mwingine. Lakini alipofika nyuma ya nyumba ya Dada, mlango wa uani ukiwa umerudishwa tu, harufu ilimkuta kabla hajagusa pazia. Ilikuwa mkojo wa jana, maziwa yaliyochacha, na juu ya hayo yote utamu fulani mzito, kama matunda yaliyooza ndani ya sukari.

Akalisogeza pazia kidole kimoja.

Chumba kilikuwa giza, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Sakafuni kulikuwa na karatasi la plastiki, na juu yake watoto watano wamepangwa kama mikate, wengine na nepi zilizolowa mpaka mapajani. Nzi alikuwa akitembea kwenye kope ya mmoja wao na ile kope haikutikisika. Watoto wa miaka miwili, saa nne za asubuhi, siku ya jua. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda, nguo yake nyeupe haina hata doa, na mapajani amemlaza mtoto wa sita, mvulana wa muuza mkate wa mtaa ule. Mezani palikuwa na chupa kubwa ya dawa ya kikohozi, ile ya kusinzisha, shingo yake imejaa utando mweusi wa dawa iliyokauka, vinyweleo vimenasa.

Akambana mtoto pua. Mdomo ukafunguka wenyewe kutafuta hewa. Kijiko kikaingia.

"Meza, mbwa wewe."

Mtoto akakohoa, akatema. Dawa na mate vikamtiririka kidevuni hadi kwenye plastiki. Dada hakukasirika. Akavikwangua kwa ukingo wa kijiko, kidevuni kwanza, halafu kwenye plastiki, palipokuwa na mkojo, akavirudisha vyote mdomoni. Kijiko kilikuwa kimoja. Kinyozi alikitazama na kuelewa kwamba ndicho kilichopita katika vinywa vyote sita, na kwamba Ijumaa vilikuwa vinywa saba, pamoja na cha Chiriku.

"Dada."

Aligeuka bila kushtuka. "Ah, ni wewe. Ungebisha hodi, utawaamsha. Mtoto yuko wapi leo?"

"Unawapa nini?"

"Dawa ya kifua. Haina neno. Kidogo tu asubuhi, kidogo mchana." Aliifuta chupa kwa leso, akaikaza kifuniko. "Wanalala, wanakua. Mtoto hukua usingizini."

"Unawaita mbwa."

Dada akacheka, cheko la kweli, la upole. "Na wewe nilikuwa nakuitaje? Umesahau? Nilikuwa na miaka kumi na saba nimeachiwa kitoto kinacholia kutwa kucha. Ningekufanyaje? Ulikunywa hii hii, ukalala, ukakua. Ukawa mtu, una kibanda, una mke. Na sijawahi kumpiga mtoto hata mmoja. Waulize. Hata kofi."

Akiwa amesimama pale, ule utamu ukamjaa kinywani. Hakuwa ameuonja miaka thelathini, lakini ulimi uliujua: mzito, unaonata nyuma ya meno, na chini yake uchungu. Alikumbuka vidole puani, vyenye harufu ya sabuni. Miaka yote alikuwa akiipenda harufu ile. Alikuwa akiiita harufu ya kwao.

Alitoka akafika mtaroni, akatapika mpaka hakuna kilichobaki ila machozi. Nyuma yake Dada alikuja na kikombe cha maji, akamwekea mkono mgongoni. "Umekula nini, mdogo wangu?" aliuliza, na alikuwa anamhurumia kweli. Hilo ndilo lililomchefua kuliko yote. Akautupa ule mkono kwa bega, kama anayejitoa mdudu.

Kisha akarudi ndani. Akayavua mablanketi madirishani, akamnyanyua mtoto mmoja baada ya mwingine, akawatoa kibarazani penye hewa. Walikuwa wazito, wa moto, shingo zimelegea. Akamtuma mpita njia kwa muuza mkate, mwingine akamtuma kliniki kwa nesi wa miwani, na mwenyewe akakaa chini katikati yao, akiwapepea kwa kile kitambaa cha kunyolea. Dada alisimama mlangoni akiuliza anamtia aibu ya namna gani, watu wanatazama. Walikuwa wanatazama.

*

Muuza mkate alifika anakimbia, unga mikononi, akamchukua mwanawe bila neno, akamtemea Dada mate miguuni. Mama wa mapacha waliokuwa miongoni mwa wale watoto, askari mlinzi wa benki, yeye alipofika alimvuta kinyozi pembeni.

"Nani kakutuma?" alimnong'oneza kwa hasira. "Mimi nilikuwa najua. Nikirudi zamu sina hata nguvu ya kusimama. Walikuwa wanalala na mimi nalala. Kesho nitawapeleka wapi? Kwako?"

 Kinyozi alimwona jinsi alivyo, kope zimevimba, buti za kazini zimempasua kisigino, na bado akarudi nyuma hatua moja.

Nesi alifika na mtu wa ustawi wa jamii. Alimsikiliza kila mtoto kifuani, wawili wakapelekwa hospitali siku ile ile. Chupa na kijiko vikatiwa kwenye mfuko. Alipopita mbele ya kinyozi hakumkumbusha lolote la kliniki, na kinyozi akatamani angemkumbusha.

"Chiriku je?" nesi aliuliza.

"Yuko kwa mama yake. Jana kaunganisha maneno mawili, Sista."

"Yapi?"

Akamwambia ni maneno gani. Nesi akavua miwani akaifuta muda mrefu, ingawa ilikuwa safi.

Jioni Kaka alimwita. Sebule ilikuwa ile ile.

"Mwanao umemtoa," Kaka alisema. "Yu salama. Sasa haya mengine ya nini? Ungemnong'oneza Dada, akaacha, yakaisha ndani ya nyumba. Wewe umeita serikali juu ya mwanamke aliyekufuta kinyesi."

"Ulikuwa unajua, Kaka?"

Kaka akakitazama kikombe chake. "Kila mtu ana njia yake ya kulea."

"Nimekuuliza, ulikuwa unajua?"

"Wewe ulikuwa mtoto mtulivu," Kaka alijibu. "Tulisema una tabia njema."

Kinyozi aliinuka. Chakula kilikuwa kimeshaandaliwa mezani, shemeji yake amesimama na jagi la maji ya kunawa, na hakunawa. Tangu siku hiyo hakuwahi kula tena katika nyumba ile. Ilipofika siku ya kwenda kutoa maelezo mbele ya baraza la ustawi, alikwenda, akasema aliyoyaona, pamoja na la kijiko, pamoja na la plastiki. Dada alizuiwa kulea watoto, nyumba ikawekewa karatasi ya kufungwa mlangoni, naye akahamia kwa Kaka. Hakuomba radhi. Alisema mbele ya wote kwamba amesikitishwa na mdogo wake.

*

Mama Chiriku hakufukuzwa. Alihamishiwa zamu ya mchana, na asubuhi mtoto akashinda na baba kibandani. Nesi alikuwa amewaambia hakuna dawa ya kumrudishia maneno zaidi ya maneno yenyewe: mzungumzisheni, mtazameni machoni, akionyesha kitu kitajeni, akisema nusu mmalizieni, msimcheke. Kinyozi akageuka mtangazaji. "Sasa nashika kitana. Kitana hiki. Mzee huyu ana nywele nyeupe. Nywele zinaanguka, puu." Wateja walijifunza kusubiri. Mwalimu, aliyekuwa amemsamehe ile nusu ya kichwa ingawa hakuacha kuisimulia, alikuja na picha za wanyama zilizokatwa kutoka vitabu vichakavu.

Lakini miezi miwili ya kwanza yale maneno mawili ndiyo yaliyotangulia kila jambo. Chiriku aliyasema kwa paka. Aliyasema kwa mzee aliyekuja kunyolewa ndevu, aliyasema kwenye foleni ya kliniki, mama mmoja akamvuta mwanawe mbali. Siku moja dereva wa lori aliyekuwa kitini aliyasikia akaangua kicheko, akapiga paja. "Hebu rudia, mrembo! Rudia nikupe peremende. Meza nini?"

Kinyozi akazima mashine, akamvua kitambaa. "Shuka."

"Nini tena? Natania na mtoto."

"Shuka kitini. Kamalizie kwingine."

Dereva alitoka na kichwa cha mistari, akitukana. Kinyozi alisimama na mashine mkononi, asimwite mteja mwingine, maana katika kile kicheko alikuwa ameona jinsi ambavyo mtoto yule angeweza kufundishwa, kwa peremende tu, kuyapenda yale maneno.

"Taa" lilirudi kwanza. Halafu "pana," na safari hii halikuwa mchezo. Alikataa kuoga, akakataa viatu, akakataa kijiko chochote kilichoshikwa na mkono wa mtu mwingine. Walimwacha ale kwa vidole vyake. Halafu yakaja kwa mkururo, na siku moja mbele ya kibanda akaonyesha mtaro akasema, "Baba, maji chafu," na Mama Chiriku alipoambiwa jioni aliandika kwenye kalenda mpya, akaweka tarehe. Ile ya zamani waliiteketeza.

Chiriku alikuwa amekaribia miaka mitatu siku mvua ilipomfukuza Dada hadi kibandani. Aliingia, akakunja mwavuli, akaketi kwenye benchi la wateja kama anayeketi kwake. Alikuwa amekonda kidogo. Nguo imepigwa pasi. Ile harufu ya sabuni ikaenea chumba kizima, na kinyozi akaisogeza mashine mbali na sikio la mteja.

Dada alimtazama mtoto, aliyekuwa pembeni akipanga vitana kwa ukubwa na kuvisemesha.

"Anasema," Dada alisema.

"Anasema."

"Nilikwambia. Ukoo wetu huchelewa tu." Akatabasamu, ameridhika. "Ulinivunjia heshima bure."

Kinyozi aliendelea kunyoa.  Mvua ilipopungua Dada akasimama, akalinyoosha vazi lake, akatoka bila kuaga.

Chiriku aliacha vitana, akaja akashika suruali ya baba yake.

"Baba, yule nani?"

"Dada yangu."

Mtoto akafikiri, akamtazama yule mwanamke anavyokwepa madimbwi ng'ambo ya barabara. Siku hizo alikuwa amefikia umri wa kuuliza jambo moja mpaka mtu mzima achoke.

"Kwa nini?"

Kinyozi akazima mashine, akachuchumaa, akamtazama machoni. Mteja aliyekuwa kitini akageuza macho kwenye kioo, akimsubiri amalizie upande wa pili.